Ufadhili wa kusoma kwenye vyuo vya kihistoria vya Weusi Marekani: mwongozo kamili kwa mwanafunzi na mzazi

Ukisikia mtu kapata skolashipu ya Marekani, picha inayokuja ni barua moja inayolipa kila kitu, kuanzia ada hadi nauli. Barua hizo zipo, ila ni chache. Kwenye vyuo vya kihistoria vya Weusi, vile vinavyojulikana kwa herufi HBCU, mwanafunzi wa kawaida husoma kwa fedha za viraka: ruzuku ya serikali, punguzo la chuo chenyewe, dola elfu mbili za mfuko fulani, mia tano za kanisa, na mkopo wa kuzibia palipobaki. Anayejua kupanga viraka hivyo humaliza shahada. Asiyejua hufika mwaka wa pili, akadaiwa dola elfu moja na kitu, akafungiwa usajili, akarudi nyumbani.

Hapa nitakaa zaidi kwenye fedha za mashirika yasiyotafuta faida, kwa sababu ndizo zinazopotea kirahisi: hazitangazwi sehemu moja, kila shirika lina sharti lake, na ukichelewa wiki moja umekosa mwaka mzima. Ninaoandikia ni wa aina mbili. Kuna familia zinazozungumza Kiswahili na tayari zinaishi Marekani: Wakongo wa Louisville na Nashville, Warundi, Wakenya na Watanzania wa Maryland na Texas. Na kuna kijana aliyeko Mwanza, Kisii au Lubumbashi anayetaka kuomba akiwa nyumbani. Njia za hawa wawili hazifanani, na nitasema wazi kila zinapoachana.

Vyuo vyenyewe, na kwa nini vinategemea michango

Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1965 inavitambua kuwa HBCU vile vyuo vilivyoanzishwa kabla ya 1964 kwa lengo kuu la kuwasomesha Wamarekani Weusi. Vipo takriban 100, vingi vikiwa majimbo ya kusini. Cheyney cha Pennsylvania kilianza 1837, Howard na Morehouse 1867, Spelman na Tuskegee 1881. Havibagui: karibu robo ya wanafunzi wake si Weusi.

Kwetu si vigeni pia. Nkrumah alisoma Lincoln, Pennsylvania. Mbiyu Koinange alifika Hampton, Virginia, mwaka 1927. Hastings Banda alihitimu udaktari Meharry, Nashville, mwaka 1937. Na ndege ya kwanza ya Tom Mboya ilipobeba wanafunzi 81 mwaka 1959, nauli yao ilichangishwa na taasisi ya hiari, African American Students Foundation, huku Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakisaidia kuomba michango.

Mfuko wa akiba wa Harvard peke yake unazidi dola bilioni 50. Ukijumlisha mifuko ya HBCU zote, haifiki hata robo ya hapo. Chuo chenye akiba ndogo hakiwezi kumfutia ada kila mwenye shida, kwa hiyo pengo linabaki kwa wafadhili wa nje. Mwaka 1943 Frederick Patterson, mkuu wa Tuskegee, aliandika gazetini akipendekeza vyuo binafsi vya Weusi viache kugombania wafadhili walewale, vichangishe kwa pamoja. Mwaka uliofuata mfuko huo wa pamoja, UNCF (United Negro College Fund), ukaanza na vyuo 27.

Hatua ya 1: jua hadhi yako ya ukaazi kabla ya kujaza chochote

Hili ndilo linaloamua karibu kila kitu. Wengi hulikwepa kwa aibu au kwa kudhani litajulikana mbele ya safari.

Raia wa Marekani na mwenye green card wanastahili msaada wa serikali kuu, na ndio wanaotajwa kwenye masharti ya fedha nyingi za mashirika makubwa. Wakimbizi na waliopewa hifadhi wamekuwa wakihesabiwa kwenye kundi hilohilo. Mtoto wa Kikongo aliyeingia kupitia makazi mapya ya wakimbizi asijiweke mwenyewe kundi la wageni. Aingie studentaid.gov, asome orodha ya wasio raia wanaostahili mwaka huo, aitunze I-94, hati yake ya kuingia nchini, mahali salama, na akifikisha mwaka mmoja nchini aombe green card.

Anayeomba kutoka nyumbani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, hapati ruzuku wala mkopo wa serikali ya Marekani, na mashirika mengi yatamkataa ukurasa wa kwanza wa fomu. Milango yake ni mingine, nimeiweka hatua ya 8. Ukiwa kundi hili, usipoteze miezi mitatu kujaza fomu za watu wengine.

Kuna kundi la tatu: mtoto ni raia, wazazi hawana karatasi. Fomu ya serikali ya kuomba msaada (FAFSA, hatua ya 3) haiulizi hali ya uhamiaji ya wazazi, na mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii (Social Security) anaweza kufungua akaunti. Hata hivyo taarifa zake zitaingia kwenye mfumo wa serikali, kwa hiyo kaeni kwanza na mwanasheria wa uhamiaji. Mashirika ya kuhudumia wakimbizi mara nyingi yana mwanasheria wa bure au wa bei nafuu.

Hatua ya 2: chagua chuo ukiwa na kalamu mkononi

Kila chuo kinachopokea fedha za serikali kinatakiwa kisheria kuwa na kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Unaingiza kipato cha familia, kinakupa makadirio ya utakachobaki kulipa baada ya ruzuku. Fanya hivyo kwa vyuo sita au saba. Mara nyingi chuo ulichokuwa ukikiota ndicho cha ghali kuliko vyote, na kile usichokijua ndicho kinacholipika.

Mfano mzuri ni North Carolina. Chini ya mpango wa NC Promise, mkaazi wa jimbo anayesoma Elizabeth City State au Fayetteville State hulipa ada ya dola 500 kwa muhula, na anayetoka jimbo jingine dola 2,500. Chakula, bweni na michango mingine ni juu yake, lakini hapo hata skolashipu ndogo ya kanisa inaonekana.

Familia zetu pia husahau kutazama nyumba ya jirani. Louisville kuna Simmons College of Kentucky. Nashville kuna Fisk, Tennessee State na Meharry. Greensboro kuna North Carolina A&T na Bennett. Mwanafunzi anayelala kwao anaokoa fedha za bweni, ambazo vyuo vingine zinakaribia ada yenyewe. Najua wapo wazazi wanaoona chuo cha karibu si "kwenda chuo", na sikubaliani nao.

Kuomba nafasi si lazima kugharimu sana. Fomu ya pamoja inayoitwa Common Black College Application inakupeleka kwenye makumi ya HBCU kwa ada moja ndogo. Howard na vingine vyenye foleni ndefu vinataka fomu zao au Common App, fomu nyingine ya pamoja.

Hatua ya 3: FAFSA, hata kama unadhani hutapata

FAFSA ndiyo fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu, na ni ya bure. Kwa kawaida hufunguliwa 1 Oktoba kwa mwaka wa masomo unaofuata. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ilifika hadi dola 7,395 kwa mwaka 2025/26.

Ninachotaka ushike ni hiki: mashirika mengi yasiyotafuta faida hutumia matokeo ya FAFSA kupima uhitaji wako, hata kama fedha yao haina uhusiano wowote na serikali. Bila FAFSA, huhesabiki kuwa mhitaji. Fomu hutazama kodi ya miaka miwili nyuma, kwa hiyo kama baba alifukuzwa kazi mwaka huu, namba zitadanganya. Andikia ofisi ya msaada wa fedha ya chuo, ambatanisha barua ya kuachishwa kazi, uombe wapitie upya. Wana mamlaka kisheria ya kurekebisha hesabu za mtu mmojammoja, ila hawatakutafuta wenyewe.

Hatua ya 4: soma barua ya msaada kama mkaguzi

Karibu Machi au Aprili chuo kitakutumia barua ya msaada wa fedha. Tuchukue mfano wa kubuni, wenye sura ya barua halisi:

Gharama ya mwaka: 34,000
Ruzuku ya Pell: 7,395
Skolashipu ya chuo: 8,000
Mkopo wa serikali wa mwanafunzi: 5,500
Kazi za chuoni: 2,000
Mkopo wa mzazi: 11,105
Salio: 0

Mzazi akiona sifuri pale chini, anapiga simu kwa shangazi kutangaza kuwa mtoto kapata skolashipu kamili. Tusome upya. Fedha ya bure hapo ni ya mistari miwili tu, 7,395 na 8,000, jumla 15,395. Mkopo wa 5,500 mwanafunzi ataulipa. Zile 2,000 za kazi za chuoni hazipo mpaka azifanyie kazi saa kwa saa, na huingia kwa mishahara midogomidogo wakati bili inataka kulipwa Agosti. Na zile 11,105 ni deni la mama au baba, kwa jina lake, mwaka wa kwanza kati ya minne.

Kwa hiyo pengo la kweli ni dola 18,605, na swali lako kwa mashirika ni: nitapunguza kiasi gani kwenye 11,105? Ukipata 2,500 huku, 1,500 kule na 1,000 mahali pengine, umeushusha mkopo wa mzazi hadi 6,105. Hayo ndiyo malengo ya kuandika kwenye karatasi, si "kutafuta skolashipu".

Mkopo wa mzazi umewaumiza watu kwenye vyuo hivi. Mwaka 2011 serikali ilikaza vigezo vya kuupata, na HBCU zikapoteza maelfu ya wanafunzi ambao familia zao zilikataliwa. Kuanzia 1 Julai 2026 una kikomo kipya kwa wakopaji wapya: dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja. Mwanafunzi wa sayansi, teknolojia au uhandisi akifika mwaka wa tatu, atazame Student Freedom Initiative. Shirika hilo lilizaliwa baada ya bilionea Robert F. Smith kulipa madeni ya wahitimu wa Morehouse wa 2019, kiasi cha dola milioni 34. Linatoa njia ya kulipa kulingana na kipato badala ya mkopo wa mzazi, kwenye vyuo linavyoshirikiana navyo.

Hatua ya 5: panga mashirika kwa ukaribu

Watu huanza na mashindano makubwa ya kitaifa kwa sababu ndiyo yanayotokea mtandaoni. Mimi ningeanza upande wa pili, kwa wale wanaokufahamu au wanaokihusu chuo chako moja kwa moja, kwa sababu huko waombaji ni wachache.

Mfuko wa chuo chenyewe. Vyuo vingi, hasa vya umma, vina wakfu uliosajiliwa kama shirika tofauti, unaotunza fedha walizoacha wahitimu na familia zao. Ndani yake kuna mifuko yenye masharti ya ajabu: mwanafunzi wa uuguzi kutoka kaunti fulani, mpiga tarumbeta wa bendi, mtoto wa kwanza kusoma chuo katika familia. Baadhi hukaa bila mwombaji anayefaa. Tuma barua pepe, uliza kama kuna fomu moja ya mifuko yote na inafungwa lini.

Matawi ya wahitimu. Chama cha wahitimu cha Florida A&M au Tuskegee kina matawi kwenye miji mbalimbali, na tawi la mji wako hutoa tuzo kwa mtoto wa mji huo. Nenda kwenye mkutano wao. Utakuta wazee wanaofurahi kumwona kijana anayeuliza habari za chuo chao, na hao ndio watakaopiga simu siku utakapokwama.

Udugu wa vyuoni, yaani vyama vya wanafunzi na wahitimu vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Alpha Kappa Alpha ilianzishwa Howard mwaka 1908, Omega Psi Phi hapohapo 1911, Delta Sigma Theta 1913. Matawi yao ya watu wazima hutoa skolashipu kwa wanafunzi wa sekondari za eneo lao, na mara nyingi si lazima uwe mwanachama wala mtoto wa mwanachama. The Links, chama cha wanawake kilichoanza 1946, nacho kina utaratibu kama huo.

Kanisa. Hapa Waswahili tuna bahati tusiyoitumia. Oakwood, kilichoko Huntsville, Alabama, ni HBCU ya Waadventista Wasabato iliyoanzishwa 1896. Ukitoka Kisii, Mara au Rwanda, huenda umelelewa kwenye kanisa hilo. Wamethodisti wa United Methodist, ambao Katanga ni wengi sana, wana Black College Fund tangu 1972, inayochangia vyuo 11, vikiwemo Claflin, Dillard, Bethune-Cookman na Clark Atlanta. Mfuko huo hupeleka fedha chuoni badala ya kumkabidhi mwanafunzi, lakini unafaa kukuonyesha ni chuo kipi cha kuuliza kuhusu msaada kwa waumini. Xavier cha New Orleans ni cha Wakatoliki na kina sifa kubwa ya kupeleka vijana Weusi kwenye shule za udaktari. Barua ya mchungaji au paroko, yenye maelezo ya kazi uliyofanya kanisani, ina uzito kwenye vyuo hivi kuliko unavyodhani.

Kisha mashirika makubwa mawili. UNCF inawakilisha vyuo binafsi 37. Thurgood Marshall College Fund, iliyoanzishwa 1987 na N. Joyce Payne, ni ya vyuo vya umma, takriban 50. Hapo ndipo waombaji wengi hukosea mlango: anayesoma North Carolina A&T anahangaika na tuzo za wanachama wa UNCF, wa Spelman anafanya kinyume chake. Na usikisie kwa neno "binafsi" peke yake, maana Howard na Hampton ni vya binafsi lakini havimo kwenye orodha ya UNCF. Fungua orodha ya wanachama, utafute jina la chuo chako. UNCF ina programu nyingine zinazopokea hata wa vyuo visivyo wanachama, kwa hiyo soma sharti la kila tuzo. Pande zote mbili unafungua wasifu mmoja mtandaoni, unajaza mambo yako mara moja, kisha tuzo hufunguliwa na kufungwa mwaka mzima. Jiwekee siku moja ya mwezi ya kuingia kutazama. Alama wanazotaka mara nyingi ni GPA (wastani wa alama) ya 2.5 au 3.0, kwa hiyo usijitoe kwa sababu huna 4.0.

Baada ya hao ndipo utazame Jackie Robinson Foundation, iliyoanzishwa na Rachel Robinson 1973, na Ron Brown Scholar Program. Hizi hazibagui chuo na zinalipa miaka minne, ila ushindani wake ni mkali mno. Omba, usizitegemee.

Kabla ya kutuma namba yako ya hifadhi ya jamii popote, hakiki shirika. Mamlaka ya kodi, IRS, ina ukurasa wa kutafuta mashirika yenye msamaha wa kodi wa 501(c)(3). Andika jina, uone kama lipo na kama limekuwa likiwasilisha fomu ya 990, ripoti yake ya kila mwaka. Skolashipu halali haikutozi fedha za kuombea. Anayekwambia "umeshachaguliwa, lipia uchakataji" ni mwizi, hata kama nembo yake ina mwenge na kitabu.

Hatua ya 6: andaa mafaili mara moja, yatumie mara ishirini

Kwenye folda moja weka: transkripti ya karibuni, barua ya kukubaliwa chuoni, muhtasari wa FAFSA, wasifu wa ukurasa mmoja, picha safi, barua mbili za mapendekezo, na esei mbili ndefu ambazo utazikata kulingana na swali.

Barua za mapendekezo hudoda kwa sababu mwalimu hana la kuandika. Mpe wiki tatu, na umpe karatasi yenye mambo matatu ya kweli: somo ulilopanda kutoka alama gani hadi gani, kazi uliyoisimamia, na unachoomba fedha kwa ajili yake. Usimwandikie barua, mpe malighafi.

Esei nayo. Wasomaji wa kamati hupitia mamia ya kurasa zinazosema "nimetoka familia maskini na nataka kusaidia jamii yangu". Sentensi hiyo ni kweli, lakini haimwonyeshi mtu. Linganisha na hii: "Jumamosi naingia ghalani na baba saa kumi na moja alfajiri, tunapanga maboksi hadi saa sita. Mchana nawafundisha hesabu watoto watatu wa ghorofa ya chini, kwa sababu mama yao anafanya zamu ya jioni na hawezi kuwasaidia." Hakuna neno umaskini hapo, na msomaji ameshaelewa. Aya ya pili ieleze kwa nini chuo hiki: mhadhiri, maabara, programu. Ya tatu itaje fedha kwa namba, mfano "pengo langu ni dola 6,105, na tuzo hii itapunguza mkopo wa mama". Waafrika wengi huona haya kutaja namba. Kamati inaitaka.

Hadithi ya kambi ya wakimbizi ni yako kuieleza au kuiacha. Tuzo haikulazimu kuuza machungu. Ukiitaja, iwe kwa sababu ilikufunza kitu unachokitumia sasa.

Hatua ya 7: uliza skolashipu ya nje itakula nini

Umeshinda 2,500. Chuo kinaweza kuichukua na kupunguza 2,500 kwenye skolashipu yake, ukabaki palepale. Sheria za serikali pia haziruhusu jumla ya msaada izidi gharama ya kusoma. Kwa hiyo kabla ya kusherehekea, andikia ofisi ya fedha swali moja: "Nikileta skolashipu ya nje, mnapunguza mkopo kwanza au ruzuku yenu kwanza?" Jibu lije kwa maandishi. Wakisema ruzuku, omba wapunguze mkopo na kazi za chuoni kabla, na ukikataliwa, uliza shirika lililokupa kama linaweza kulipa sehemu mwaka huu na sehemu mwaka ujao.

Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kuvibana vyuo vya umma visifanye hivyo, kwa sheria ya 2017. Inawahusu Morgan State, Bowie State, Coppin State na University of Maryland Eastern Shore, vyote HBCU.

Hatua ya 8: ukiomba kutoka Afrika Mashariki au Kongo

Fedha yako kubwa itatoka chuoni kwenyewe, si kwa UNCF wala wenzao. Tafuta skolashipu za ufaulu za chuo na za programu ya wanafunzi bora, na uliza neno kwa neno: "Je, iko wazi kwa wanafunzi wa kimataifa wa F-1?" Wakimbiaji wa mbio ndefu wana mlango wao kupitia makocha wa MEAC na SWAC, ligi za michezo za HBCU, lakini vyeti vyako vipitie kwanza NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo.

Anza miezi 18 kabla. Matokeo ya kidato cha sita Tanzania hutoka Julai na muhula wa Marekani huanza Agosti, kwa hiyo mwaka huohuo haiwezekani. Lenga Januari au Agosti inayofuata. Vyuo vingi vitataka vyeti vya NECTA au KNEC vitathminiwe na taasisi kama WES, pamoja na mtihani wa Kiingereza. Uliza pia kama masomo ya kidato cha tano na sita yatahesabiwa kupunguza mwaka wa kwanza, kwa sababu muhula mmoja uliosamehewa ni fedha nyingi kuliko tuzo nyingi.

Ofisi za EducationUSA zinazoendeshwa na balozi za Marekani, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, hushauri bure. Sioni sababu ya kumlipa wakala kabla hujafika hapo.

Chuo hakitatoa I-20, fomu ya kuombea viza, mpaka uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza zimekamilika, na hapo ndipo barua ya skolashipu, taarifa ya benki ya mdhamini na hati ya kiapo zinawekwa pamoja. Baada ya I-20 kuna ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350 na ya viza dola 185. Kabla ya kulipa hata senti, tazama tovuti ya ubalozi: Juni 2025 Burundi iliwekewa vizuizi vilivyogusa viza za wanafunzi, na orodha ya nchi hubadilika kwa tangazo moja. Ukifika, unaruhusiwa kufanya kazi za chuoni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Hiyo inatosha nauli na sabuni, haitoshi ada.

Hatua ya 9: mwaka wa pili na kuendelea

Skolashipu nyingi zinaweza kuendelea, lakini kwa masharti: GPA isishuke, masomo yawe ya muda wote, FAFSA ijazwe upya kila mwaka, na barua ya shukrani itumwe kwa mfadhili. Barua hiyo si adabu tu. Yapo mashirika yasiyotoa malipo ya muhula wa pili mpaka yaipate. Andika aya mbili, taja somo moja na tukio moja.

Ukikwama na salio dogo katikati ya muhula, usikae kimya bwenini. Nenda ofisi ya msaada wa fedha kabla usajili haujafungwa, uombe fedha ya dharura au ruzuku ya kumalizia masomo. UNCF ilianzisha mchango wa dharura baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008, mahususi kwa wanafunzi wa vyuo wanachama wanaokaribia kuhitimu huku wakidaiwa, na Tom Joyner Foundation ilianza 1998 kwa lengo hilohilo la kuwabakiza chuoni walioishiwa. Mara nyingi chuo ndicho kinachopendekeza majina, kwa hiyo anayejulikana ofisini ndiye anayekumbukwa. Nenda na bili yako, kiasi kamili unachodaiwa, na masomo yaliyobaki hadi kuhitimu.

Mwisho kuna kodi, ambayo hakuna anayekwambia. Skolashipu inayolipa ada, michango ya lazima na vitabu haikatwi kodi. Inayolipa bweni na chakula inahesabika kipato. Mwenye F-1 hukatwa 14% kwenye sehemu hiyo, chuo humpa fomu ya 1042-S, naye hujaza 1040-NR kabla ya 15 Aprili. Ukimwona rafiki mwenye F-1 anajaza programu ya kodi ya kawaida ya wakaazi, mzuie, kisha mpeleke ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Vyuo vingi huwa na programu ya bure ya kujazia fomu hiyo kuanzia Februari.